Shahada Tisa za Watu

Jumatatu, Machi 4

Jina langu ni Somoe Kassimu. Naanza hivyo kwa sababu kwa miaka kumi na moja nimetunga kurasa nyingi mno, na hakuna hata mmoja wenye jina hilo juu yake. Leo nimechukua kauntabuku pale dukani, nikailipia kama mteja mwingine yeyote. Humu nitaandika yangu.

Nina miaka arobaini na moja. Kidato cha nne nilipata divisheni foo. Nilipofikisha miaka ishirini na miwili Badru akaniajiri nichape kwenye steshenari yake hapa Mtoni, na Kiingereza nikajifunzia hapo hapo, kwa kuchapa makosa ya watu. Wanachuo walileta kazi zao. Kwanza nilikuwa narekebisha nukta, baadaye sentensi, baadaye aya nzima. Siku moja mwalimu mmoja akaniambia, malizia tu mwenyewe, wewe si unaelewa. Nikamalizia. Hiyo ndiyo ilikuwa tasnifu yangu ya kwanza. Sasa zimefika nane, zote za shahada ya uzamili, zote zimefaulu. Wenyewe wamepiga picha na majoho. Wawili wameshakuwa wakubwa maofisini, na wakipita dukani wananisalimia, "Mambo, mchapaji."

Wa tisa amekuja leo. Anaitwa Theonest, mtu wa Bukoba, amejenga Kinyerezi, ana kazi mjini. Pendekezo lake la utafiti nililiandika mimi mwaka jana: usafi na afya ya wanawake wanaoosha utumbo katika Soko la Kwa Bi Tatu, Vingunguti. Chuo kimempa hadi mwisho wa Aprili. Alitakiwa aende mwenyewe kuwahoji wale wanawake. Ameniambia, "Sista, nenda wewe. Unajua kuongea nao."

Nimekubali. Na niseme kweli, nimekubali kwa furaha.

Jumatano, Machi 6

Nimekwenda Kwa Bi Tatu. Wanawake arobaini na watatu, mabeseni, mabuti ya mpira, moshi. Kiongozi wao ni Bi Hamida, amepita miaka sitini, ana mikono mipana kama ya mwanamume. Nilimpa shikamoo, nikaeleza kilichonileta. Akaniuliza kama mimi ni msomi. Nikasema mimi ninamsaidia msomi.

"Msomi mwenyewe yuko wapi?"

Nikasema ana kazi nyingi. Akanipa kisu na beseni. Akasema hazungumzi na mtu aliyesimama na kalamu huku wenzake wameinama.

Basi nimeosha utumbo kutwa nzima, yeye akinijibu maswali huku tumeinama. Kuna kipande wanakiita taulo, kwa sababu ya manyoya yake, na kingine wanakiita kitabu, kwa sababu kimejaa kurasa nyembamba zilizobanana. Kitabu hakioshwi kwa haraka. Lazima ukifungue ukurasa mmoja mmoja na kila ukurasa uupitishe kidole, la sivyo uchafu unabaki ndani na mteja atakirudisha. Nimeosha vitabu vitatu. Viwili Bi Hamida amevirudisha.

Ijumaa, Machi 8

Mikono bado inanuka. Badru amesema nisiguse karatasi za wateja.

Jumanne, Machi 12

Ramadhani imeingia. Asubuhi nimehoji wanawake sita, jioni nimefuturu kwa mama. Mvua za kwanza.

Ijumaa, Machi 15

Vaileth ndiye mdogo kuliko wote pale sokoni, ana miaka ishirini na sita, alikuja na mume kutoka Mbeya na mume akaendelea na safari zake. Leo ameniambia anakohoa tangu mwaka jana, akaniomba nisimwandike jina. Nikamweleza kwamba kila mtu nimempa namba. Yeye ni namba kumi na saba. Ameipenda. Akawa anawaambia wenzake, mie kumi na saba, wewe je?

Nimewaahidi wote: jina halitatoka.

Alhamisi, Machi 21

Siku tatu za mvua mfululizo. Nimemaliza mahojiano yote arobaini na matatu, na kwa mara ya kwanza katika tasnifu zote hizi nimehisi kwamba najua kitu ambacho mtu mwingine hakijui.

Ni hivi. Kati ya wanawake arobaini na watatu, ishirini na tisa wana vidonda vya mikono visivyopona au kifua. Wote hao wanaoshea maji ya simtanki moja iliyo upande wa mashariki. Wanaochota kwa jirani, upande wa pili, ni wazima. Ile simtanki ni ya mwenye soko, ambaye sasa anataka kujenga jengo jipya la ghorofa pale pale. Bi Hamida amenionyesha nakala za barua nne walizoandikisha kwa miaka mitatu, kuomba tangi lioshwe au wavutiwe bomba. Hazikujibiwa.

Tena wale wanawake si wachafu kama watu wanavyosema. Bi Hamida akishika ini tu anajua kama lina minyoo, kabla hata ya kulikata. Nimemwona akitupa maini mawili ambayo angeweza kuuza, na hakuna aliyekuwa akimtazama isipokuwa mimi. Nikamuuliza amejifunza wapi. Akasema kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake, na akaniuliza kama hiyo nayo inaandikwa kwenye kitabu cha huyo msomi wangu.

Nikasema itaandikwa.

Jumatano, Machi 27

Nimeandika sura ya nne. Ni nzuri. Sijui neno jingine.

Mama ameniuliza leo kwa nini natabasamu peke yangu wakati wa kuchambua mchele. Nikamwambia kazi inakwenda vizuri. Mama huwaambia majirani kwamba mwanawe anafanya kazi ya kompyuta, na akishasema hivyo anajitanda khanga upya, kama mtu aliyemaliza hotuba.

Jumanne, Aprili 2

Sura ya tano nimeimaliza jana: tangi lichunguzwe, bomba livutwe, wanawake wapewe glovu, na ujuzi wao wa kutambua nyama mbovu utambuliwe rasmi. Leo Theonest amekuja kuichukua. Mvua ilikuwa inapiga, akabaki ndani ya gari, nikampelekea karatasi dirishani. Huwa hasomi, huuliza tu kurasa ngapi. Leo amesoma. Nikaona uso unabadilika.

Akashuka, akaingia dukani. Akasema sura ya tano haifai. Anataka iandikwe kwamba wanawake wale, kwa sababu ya elimu duni, hawana uwezo wa kuzingatia usafi, na kwamba kazi ya kuosha wapewe watu wenye mashine, katika jengo jipya.

Nikamwambia matokeo hayasemi hivyo. Ugonjwa unafuata tangi, haufuati elimu. Bi Hamida hajamaliza hata darasa la nne na hana hata kidonda, kwa sababu anachota maji kwa jirani.

Akasema mwenye soko ni mtu wake wa karibu, na katika hilo jengo jipya ameahidiwa nafasi ya ushauri. Hakuona hata aibu kulisema. Alilisema kama mtu anayemweleza fundi anataka mlango ufungukie upande gani.

"Siwezi kuandika hivyo," nikasema.

"Sista, usijisahau. Wewe ni mchapaji. Msomi ni mimi."

Duka lilikuwa na wateja wawili. Wote wakatazama simu zao. Akamgeukia Badru na kutaka flashi. Badru hakuniangalia usoni. Akachomoa flashi, akampa.

Jumatano, Aprili 3

Sikulala vizuri. Najiuliza kama hasira yangu ni kwa ajili ya wale wanawake au ni kwa lile neno, mchapaji. Nataka iwe kwa ajili ya wale wanawake. Lakini ni neno pia. Nimeitwa hivyo miaka kumi na tisa na halikuwahi kuniuma, kwa sababu moyoni nilikuwa nawacheka. Nilikuwa najiambia, nyie vaeni majoho, mie ndiye ninayejua. Jana nimeona kwamba kujua peke yake, kwa siri, nyuma ya kaunta, hakumzuii mtu kufanya lolote.

Jumamosi, Aprili 6

Mvua. Umeme hakuna. Hakuna mteja.

Jumatano, Aprili 10

Idi. Bi Hamida amemtuma Vaileth kutoka Vingunguti hadi hapa Mtoni na bakuli la supu ya utumbo, limefungwa kwa kitambaa. Vaileth si Mwislamu lakini alivaa gauni jipya kwa heshima ya siku. Mama alimkalisha, wakala pamoja, wakacheka. Mimi supu sikuinywa.

Alhamisi, Aprili 18

Theonest amerudi, na safari hii kwa upole. Tarehe ishirini na tano ana utetezi: atakaa mbele ya maprofesa watatu waulize maswali kuhusu kazi yake, naye ajibu. Ameniomba nimfundishe tasnifu yake.

Nilitaka kumfukuza. Lakini alikuwa ameketi kwenye kile kiti cha plastiki cha wateja, tai imelowa, mikono katikati ya magoti, na nikaona anaogopa kweli. Akanieleza mambo ambayo sikumuuliza. Baba yake aliuza shamba la kahawa ili yeye asome. Ofisini vijana wenye shahada ya pili wanampita kila mwaka, na yeye, mwenye miaka arobaini na tisa, anatumwa kufungua mlango wa mkutano. Akasema, "Bila ile karatasi, Somoe, mtu hasikilizwi hata akisema nyumba inaungua."

Hilo nalijua. Nani alijuaye kuliko mimi?

Nikamwambia nitamfundisha kwa sharti moja, arudishe sura yangu ya tano. Akaniapia kwa jina la mama yake.

Jumanne, Aprili 23

Siku ya tano ya mafunzo. Leo ameelewa sampuli ni nini, kwa nini hapa niliwahoji wote badala yake, na kwa nini niliwagawa wanawake kwa upande wa maji wanakochota. Alipoelewa akasema kumbe ni kazi nzuri. Nilifurahi kama mjinga. Ni mwanafunzi mzuri akikaa chini. Angeweza kuifanya mwenyewe, miaka yote hii. Hakuna aliyemwambia kwamba kusoma ni kuinama.

Alhamisi, Aprili 25

Amefaulu. Amenitumia ujumbe wa sauti, nyuma yake watu wanapiga vigelegele. Mvua kubwa tangu alfajiri, Mto Kizinga umejaa hadi karibu na nyumba za chini.

Jumatatu, Aprili 29

Ameleta nakala za mwisho tuzibaindi: tano, jalada jeusi, maandishi ya dhahabu. Badru amenikabidhi mimi kwa sababu mkono wangu ndio hautetemeki kwenye mashine.

Kabla ya kubandika jalada nimefungua sura ya tano. Hakurudisha. Ni ile ile yake, elimu duni, mashine, jengo jipya, na kabla yake sura ya nne imekatwa, mambo ya tangi yote hayamo. Maprofesa walisomeshwa mwili usio na ini.

Nikaendelea kufungua. Kwenye viambatisho, ukurasa wa mia moja na kumi na nne, kuna jedwali. Wanawake arobaini na watatu, majina yao kamili, umri, na ugonjwa wa kila mmoja. Namba 17, Vaileth Mwakalinga, kikohozi sugu.

Ile orodha ya majina nilikuwa nimeiweka kwenye flashi ile ile. Nilipaswa kuiweka mbali. Hilo ni kosa langu na silitupi kwa mtu.

Nimezibaindi zote tano. Naandika hili kwa sababu nikiliruka, nitakuwa kama yeye. Nilizibaindi, nikazipanga kwenye mfuko, nikamkabidhi, na akasema asante sista.

Jumamosi, Mei 4

Redio inasema kimbunga kiko baharini na watu wasitoke. Badru amefunga duka. Upepo umeng'oa bati la jikoni kwa mama. Tumekaa chumbani na ndoo nne, na mimi nimetoa madaftari yangu ya mahojiano, yale ya mkono, nikayasoma upya toka la kwanza hadi la sita. Yote yako. Flashi alichukua, lakini hakuuliza nilichoandika kwa kalamu.

Jumanne, Mei 7

Bi Hamida amenipigia simu asubuhi. Hakunisalimu. Kuna tangazo limebandikwa kwenye mlango wa soko: waoshaji wote waondoke kabla ya mwisho wa mwezi, kupisha ujenzi, kwa mujibu wa utafiti wa kitaalamu. Na kumi na moja waondoke wiki hii hii, kwa sababu za kiafya. Majina kumi na moja yameandikwa mlangoni, ng'ombe wanapita, watu wanasoma. Vaileth ni la nne. Mteja aliyenunua kwake kwa miaka miwili amekataa kuchukua mzigo wake.

"Umetuuza?" akaniuliza.

Nikasema nakuja.

Nilipofika hakuna aliyenipa beseni wala kiti. Wanawake waliendelea kuosha. Nikasimama kwenye tope nikawaeleza yote, kwamba utafiti ule niliufanya mimi, sura ya tano sikuiandika mimi, orodha ilitoka mikononi mwangu, na vitabu nilivibaindi nikijua. Sikulia. Nilijikataza, maana kama ningelia wangelazimika kunibembeleza, na huo haukuwa wajibu wao siku hiyo.

Vaileth alikuwa amekaa juu ya beseni lililofunikwa. Akasema polepole, "Uliniambia mie ni namba."

Bi Hamida aliosha kitabu kizima, ukurasa kwa ukurasa, ndipo akainua uso. Akasema Jumamosi kuna mkutano, mwenyekiti wa mtaa atakuwepo, na huyo msomi atakuja kueleza utafiti wake.

"Yale uliyoniandika siku ile unayo?"

"Ninayo yote, Mama."

"Njoo nayo. Na mdomo wako uje nao pia."

Alhamisi, Mei 9

Nimemwambia Badru. Nilimwambia kwa sababu ni mwajiri wangu na si mtu mbaya. Akavuta pumzi, akaniuliza kama najua duka hili linaishi kwa nani. Nikisimama hadharani kusema tunaandikia watu tasnifu, hakuna mwanachuo atakayekanyaga hapa, na chuo kinaweza kutupeleka hata mahakamani. Ana watoto wanne. Akaniambia niwape wale wanawake madaftari wasome wenyewe, mimi nikae nyuma.

Nimemwambia nimekaa nyuma miaka kumi na tisa. Huko nyuma napajua.

Akasema basi Jumatatu nisije. Hakupandisha sauti. Nikachukua mto wangu wa kiti, kikombe changu, na miwani ya kusomea.

Jumamosi, Mei 11

Naandika haya mchana huu huu, kabla sijasahau mpangilio wake.

Mkutano ulikuwa chini ya turubai, mvua ikinyesha na kuacha. Mwenyekiti wa mtaa katikati, mwenye soko kulia kwake, Theonest kushoto, suti ya kijivu. Waoshaji wote walikuwepo, na wachuuzi, na watu wa mtaani wapatao mia. Mwenyekiti alimtambulisha Theonest kwa maneno marefu. Alisema taifa linahitaji wasomi wa kiwango hiki, na kwamba sisi wananchi tuache ubishi tunapoletewa sayansi. Watu wakapiga makofi. Watu wetu hupenda kumpigia makofi aliyesoma. Hata waoshaji wengine walipiga.

Theonest akaeleza vizuri. Alieleza sampuli kama nilivyomfundisha, kwa mfano ule ule wa kuonja chungu kwa kijiko kimoja. Nikajisikia vibaya kuisikia sauti yangu ikitoka kwenye koo lake. Kisha akafika kwenye elimu duni, na mashine.

Mwenyekiti akauliza kama kuna swali. Bi Hamida akanyoosha mkono, akasimama. Alikuwa amevaa baibui safi na mabuti yake yale yale, na yaliyoandikwa kitabuni nilikuwa nimemweleza.

"Mwanangu, mimi ni namba moja kwenye kitabu chako. Umeandika tulizungumza tarehe sita mwezi wa tatu, saa tatu nzima. Mie leo ndiyo mara ya kwanza kukuona. Nilikuwa wapi siku hiyo, au wewe ulikuwa wapi?"

Theonest akasema alikuwa na wasaidizi wa utafiti, ni utaratibu wa kawaida. Bi Hamida akauliza msaidizi ni nani. Akasema jina halikumbuki vizuri.

Nikasimama. Nikasema jina langu, nikasema mimi ndiye niliyezungumza na wanawake hawa wote, na kwamba tasnifu ile, toka neno la kwanza la pendekezo hadi mwisho wa sura ya nne, niliiandika mimi. Nikainua madaftari.

Kelele zikaanza. Mwenye soko akasema mwanamke huyu ni mchapaji wa Mtoni, anatafuta jina. Mwenyekiti akagonga meza, akaniuliza, bila ukali, "Dada, kiwango chako cha elimu ni kipi?"

"Kidato cha nne. Divisheni foo."

Wakacheka. Karibu turubai zima. Nikasubiri wamalize, kama ninavyosubiri mashine ipoe.

"Na shahada za uzamili tisa," nikasema. "Zote zimefaulu. Zote za watu wengine."

Kicheko kikakatika. Nikageuka kumtazama Theonest, na nilimtazama si kwa chuki, maana nilimfundisha siku tano na namjua. Nikamwomba aueleze mkutano kwa nini wanawake niliwagawa kwa upande wa maji. Analijua jibu. Nilimfundisha, na aliposhika alifurahi. Akafungua mdomo, akamtazama mwenye soko, akaufunga.

Basi nikaeleza mimi. Kwa Kiswahili, na hapo niligundua kwamba kazi ile haijawahi kusemwa kwa lugha ya watu inaowahusu. Nikasoma maneno ya Bi Hamida, kwa jina lake, kama alivyoniruhusu. Nikasoma barua zao nne na tarehe zake. Ya wengine nilisoma bila majina. Nilipofika kumi na saba nikasita, na Vaileth akasema kutoka nyuma, "Soma. Jina tayari liko mlangoni." Nikasoma.

Mwisho nikasema, mnaambiwa ugonjwa umetokana na elimu duni. Twendeni sote sasa hivi tukafungue mfuniko wa ile simtanki.

Watu wakaenda. Mwenyekiti hakutaka, lakini hakuweza kubaki peke yake chini ya turubai. Kijana mmoja mchinjaji akapanda, akafungua. Aliangalia ndani, akashuka bila kusema, akaenda pembeni kutapika. Wengine wakapanda kwa zamu.

Mwenyekiti ameagiza tangazo liondolewe na maji yapimwe kabla ya jambo lolote. Hajasema wanawake watabaki, amesema maji yapimwe. Bi Hamida anasema hilo linatosha kwa leo.

Watu walipotawanyika Theonest alinifuata. Suti ilikuwa imelowa. Akasema, "Umeniua, Somoe." Nikamwambia nilimpa sura ya tano yenye uzima ndani yake, akaitupa. Hakubisha. Akasema kitu ambacho nimekuwa nikikifikiria toka wakati huo, kwamba zile siku tano dukani ndizo pekee alizowahi kusoma kweli. Akaenda zake.

Jumatatu, Mei 13

Nimeandika barua kwa chuo. Majina manane mengine sikuyataja. Nimetaja moja, la Theonest, kwa sababu kazi ile inadhuru watu walio hai. Na nimetaja langu. Nimeieleza sehemu yangu yote, pamoja na kubaindi.

Mama amenisomea barua ile kwa sauti, neno kwa neno, akiniuliza maana ya mengine. Alipomaliza akaniuliza kama nitafungwa. Nikasema sijui. Akajitanda khanga, akasema tutajua.

Jumatano, Mei 22

Sina kazi. Asubuhi naosha vitabu Kwa Bi Tatu. Leo sikurudishiwa hata kimoja.

Jumatatu, Mei 27

Chuo kimepiga simu. Alhamisi, saa nne, mbele ya kamati.

Alhamisi, Mei 30

Watu watatu, meza ndefu, kiti kimoja upande wangu. Mwenyekiti wa kamati ni profesa mwanamke, mvi fupi, sauti ya chini. Theonest walishamhoji juzi. Hakukana, na shahada yake imesimamishwa.

Nilidhani wataniuliza nililipwa kiasi gani na nani mwingine. Waliniuliza, nikajibu la kwanza, la pili nikakataa, na wakaandika kwamba nimekataa. Kisha yule profesa akafungua tasnifu, akafungua na madaftari yangu sita niliyokuja nayo kando yake, akaniuliza kwa Kiingereza kwa nini nilichagua kuwahoji wote badala ya sampuli ndogo. Nikajibu. Akauliza nilijuaje kwamba tatizo ni tangi na si moshi. Nikajibu, nikachora mchoro wa soko nyuma ya bahasha yao. Wa pili naye akaingia na swali, gumu, kuhusu wale watatu waliochota kwenye tangi la mashariki na hawakuugua. Nikamwambia sijui, na kwamba ningepewa mwezi mmoja zaidi ningerudi kwao kwanza. Akatikisa kichwa, akaandika kitu. Ilikwenda hivyo kwa saa mbili na nusu. Kikao cha mashtaka kilikuwa kimegeuka kuwa utetezi, na sidhani kama wao wenyewe waliona kilipogeukia.

Mwishoni profesa akavua miwani. Akasema nielewe kwamba nilichofanya ni kosa kubwa, na kwamba kwa utaratibu, bila kidato cha sita wala stashahada, chuo hakiwezi kunipa chochote kwa kazi hii, hata kama kingependa.

"Naelewa."

"Basi ulikuja kutafuta nini?"

"Maswali, Profesa. Tasnifu tisa, na leo ndiyo mara ya kwanza mtu kuniuliza."

Akasema nikasubiri nje, wajadiliane, wataniita kunieleza wameamua nini juu yangu. Kwenye korido kulikuwa na benchi, na juu yake kijana wa tai nyekundu anayepitia karatasi zake tena na tena, anasubiri utetezi wake. Nikamwambia asiogope, wanauliza kwa haki.

Sikukaa. Anwani yangu wanayo, wakitaka kuniadhibu wataniona. Saa nane wapima maji walikuwa wanakuja Vingunguti, na Bi Hamida alihitaji mtu wa kuandika watakachosema.